Siku ya Kuugua

Mafua hayaheshimu cheo wala umri. Huingia katika nyumba ya tajiri na ya maskini, na humkuta mwanamume kama yamkutavyo mwanamke. Lakini wawili hawa hawayapokei kwa namna moja.

Nililelewa Kihanga, katika nyanda za juu za Karagwe, ambako ukungu wa asubuhi hufunika migomba na mibuni. Dawa ya mafua nyumbani kwetu ilikuwa moja: maji ya moto yenye tangawizi, limau na asali, na chungu cha majani ya mkaratusi cha kujifukizia chini ya blanketi. Namna za kuitumia zilikuwa mbili. Baba alipopiga chafya ya tatu alilala. Alitaka kikombe kitandani na watoto wanyamaze, kisha alituma vidonge vikali dukani, kwani aliamini kuwa dawa isiyogharimu haiponyi. Mama alipougua alijifunga kitambaa kichwani, akaenda shambani, akarudi, akamenya ndizi, akapika. Alikunywa masalio ya kikombe cha baba.

Elimu ya leo yatufundisha kuwa mafua huletwa na virusi. Viuavijasumu haviviui, na kwa kawaida mwili hujiponya wenyewe katika siku 7 hadi 10. Asali na vinywaji vya moto hupunguza taabu tu. Baba, basi, alizidisha dawa, na mama alizidisha subira. Kosa la kwanza lilipoteza fedha. La pili nusura lipoteze uhai.

Mwaka mmoja mama alikohoa majuma matatu, akiita mafua kilichokuwa nimonia. Alifikishwa kwa tabibu akiwa amebebwa. Alipoulizwa sababu ya kuchelewa, alijibu kuwa hakupata siku ya kuugua. Alipona, lakini jibu lile halijanitoka moyoni. Kosa halikuwa lake peke yake, bali letu sote tuliokunywa bila kuuliza nani aliwasha moto.

Juma lililopita mafua yalinilaza. Mke wangu aliniletea kikombe, akapiga chafya akiwa bado amekishika. Nilimtazama, nikamsikia mama. Niliinuka, nikampisha kitandani, nikaenda jikoni. Tangawizi niliyoiponda haikupondeka vema, lakini aliinywa akiwa amelala.