Vidole Viwili Juu ya Shuka

Havana, Alhamisi, 17 Oktoba 2019

Alicia Alonso, mcheza baleti wa Kuba, amefariki leo, akiwa na miaka 98. Habari imetufikia wodini kupitia redio ya muuguzi. Mama anayegawa kahawa alibaki amesimama na birika mkononi.

Mzee wa kitanda cha dirishani hakuweza hata kuinua kichwa. Juzi tulimfanyia upasuaji wa retina. Utando huo wa nyuma ya jicho ulikuwa umebanduka, tukaurudisha na kuingiza kiputo cha gesi ili kiukandamize mpaka ushike. Gesi hupanda juu, kwa hiyo siku saba hizi lazima alale kifudifudi, nyuma ya jicho ndipo pawe juu. Nikamsikia analia ndani ya mto. "Mzee wangu, usilie, unakitikisa kichwa."

"Ndivyo walivyomwambia na yeye," akanijibu.

Ijumaa, 18 Oktoba

Zamu ya usiku. Nimeketi sakafuni kando ya kitanda chake ili nimwone uso, naye akanisimulia.

Mwaka 1941 Alicia alikuwa na miaka 20, ana mume na binti mdogo, na ndiyo kwanza jina lake linaanza kutajwa New York. Retina ikabanduka. Akapasuliwa zaidi ya mara moja. Mwishowe, hapa Havana, madaktari walimwamuru alale chali mwaka mzima bila kugeuza kichwa. Asicheke, asilie, asitafune kitu kigumu, asicheze na mwanawe. (Nyakati hizo hatukuwa na gesi za leo wala leza. Baada ya kisu, dawa ilikuwa kutulia, basi.) Kila siku mumewe, Fernando, naye mcheza baleti, aliketi kitandani akamfundisha baleti ya *Giselle* kwa vidole. Kidole cha shahada mguu mmoja, cha kati mguu wa pili, na shuka ndiyo jukwaa.

Mzee alinionyesha, mkono ukining'inia ukingoni mwa godoro. Vidole vikasimama wima, vikapiga hatua tatu, vikageuka. Mimi nimekulia Tanga, baleti sikuwahi kuiona hata siku moja kabla ya kuja kusomea macho huku, lakini hapo nilielewa kwamba vile si vidole, ni msichana.

Jumamosi, 19 Oktoba

"Nenda badala yangu," aliniambia asubuhi. "Leo wewe ndiye macho yangu." Nikaenda.

Mwili umelazwa katika jumba kuu la maonyesho la Havana, ambalo tangu 2015 linaitwa kwa jina lake. Mafuta ya gari ni shida mwezi wa pili huu, mabasi hayaonekani, na bado watu wamekuja, wengi wao kwa miguu. Nilipanga foleni nyuma ya mabinti wa shule ya baleti, nywele wamezifunga utosini. Hata walipochoka kusimama, migongo yao haikupinda.

Foleni nzima niliwaza kazi yangu, yaani macho, na macho yake. Tarehe 2 Novemba 1943, New York, mcheza baleti Alicia Markova aliugua, na Alonso akaingia mahali pake kuwa Giselle: msichana wa kijijini anayelaghaiwa na bwana mkubwa, akapata wazimu, akafa, kisha akatoka kaburini kumwokoa huyohuyo aliyemuua. Aliicheza na macho ambayo hayakumwonyesha pembeni. Watu husema muujiza. Mimi sipendi neno hilo, linameza jasho la watu. Aliwekewa taa kali za rangi mbalimbali jukwaani. Akihisi mwanga fulani umemwangukia, anajua ukingo uko karibu. Na wanaume waliocheza naye walitakiwa kuwapo palepale walipokubaliana, kwa sababu atanyoosha mkono na mkono lazima ukute mkono. Imani ya namna ile sijui kama mimi ningeiweza.

Jumatano, 23 Oktoba

Mzee ameruhusiwa kuinua kichwa. Analalamika shingo tu.

Tumebishana kidogo. Nilimwambia Alonso alikalia kiti muda mrefu mno: alicheza mpaka amepita miaka 70, aliiongoza baleti ya taifa mpaka uzeeni kabisa, na vijana wengi wakaondoka nchini. Hakukataa. Akasema tu kwamba mwaka 1956, serikali ya dikteta Batista ilipoinyima kampuni yake ya baleti ruzuku, alikataa kucheza tena Kuba mpaka utawala ule uondoke, akarudi 1959. Na kwamba yeye, mtoto wa mkata miwa, alimwona akicheza bila baba yake kuuza kitu. Nikanyamaza. Bado naona nilikuwa na haki, lakini hilo la baba yake limeniingia.

Jumatatu, 28 Oktoba

Leo imetimia miaka 71 tangu kampuni ya Alonso ilipocheza kwa mara ya kwanza, 1948. Mzee ndiye aliyenikumbusha, amevaa shati safi, anasubiri kupimwa.

Nililiziba jicho lake lenye afya kwa kiganja. Katika lile lingine kiputo bado kimo, kinacheza kama maji ndani ya chupa, lakini juu yake pameanza kuwa na mwanga. Nikanyoosha mkono mbele ya jicho lililopasuliwa.

"Vingapi?"

Alikawia. Nilihesabu pumzi zangu.

"Viwili," akasema. "Lakini vinyooshe, binti. Magoti yamelegea."