Kelele na Sikio

Lugha yetu haikuipa kelele heshima. Methali husema debe tupu haliachi kuvuma, na ngoma ivumayo sana haikawii kupasuka. Maneno haya ni ya hekima, lakini yalitungwa kwa ajili ya watu wenye majivuno. Mimi niliyatumia kuhukumu sauti. Nitakusimulia kosa langu ili wewe usilirudie.

Nilipotoka chuo cha ualimu nilipelekwa kufundisha katika shule moja ya sekondari hapa Kakamega. Kila aliyekaa hapa anaijua mvua yetu. Asubuhi jua huwaka. Alasiri mawingu hujikusanya juu ya msitu, na mvua hushuka juu ya mabati kwa kishindo, hata mwalimu akisema, mwanafunzi wa dawati la mbele hasikii. Saa hizo niliweka chaki chini nikanung'unika.

Alasiri moja nilimwona kijana wa kidato cha tatu ameinua kinasa sauti kidogo kuelekea paa. Mvua ilipopungua alinieleza kuwa alikuwa akikusanya milio: mvua ya mabati, cherehani ya mama yake, na kinu cha dizeli kilichosaga mahindi ya kijiji chao. Alikuwa ameiunganisha milio hiyo ikawa kitu kimoja, akaniomba nisikilize. Sikusikiliza hata dakika moja. Nilisema, "Hii ni kelele, si muziki. Ifute." Akajibu, "Ndiyo, mwalimu," akaifuta mbele ya macho yangu. Nilirudi nyumbani nikidhani nimefundisha.

Mwezi uliofuata tulimzika mzee mmoja wa ukoo wetu karibu na Shinyalu. Isukuti ilipigwa: ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe ya swala na njuga za chuma. Jamii za Isukha na Idakho huipiga mtoto azaliwapo, watu waoanapo na mtu azikwapo. Kifua changu kilitetemeka kwa huzuni na fahari. Mgeni aliyesimama kando yangu akaniuliza kwa adabu kelele ile ingekwisha lini ili nyimbo zianze. Nilikasirika, kisha nikatahayari, kwa kuwa nilisikia neno langu mwenyewe katika kinywa cha mwingine. Hicho alichokiita kelele kiliandikwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi wa wanadamu unaohitaji kulindwa kwa haraka. Upungufu haukuwa katika ngoma. Ulikuwa katika sikio lisilozoea.

Tangu siku hiyo nilianza kutafuta habari. Nikajua kuwa mwaka 1913 mchoraji Mwitalia, Luigi Russolo, aliandika kwamba milio ya mashine na ya miji yafaa kuwa muziki, akaunda ala za kuitoa. Mwaka 1944 Mmisri Halim El-Dabh alichukua kinasa sauti cha waya mpaka penye ngoma ya wanawake ya kupunga pepo mjini Cairo, akaigeuza sauti ile kwa mwangwi hata ikawa kazi mpya. Miaka 4 baadaye Pierre Schaeffer alitumia milio ya garimoshi huko Paris. Na kutoka kwetu yupo Joseph Kamaru, ajulikanaye kwa jina la KMRU, mjukuu wa mwimbaji maarufu wa Kikuyu mwenye jina lilo hilo. Yeye hunasa sauti za mahali na kuzifuma taratibu. Albamu yake iitwayo Peel ilitoka mwaka 2020. Mwaka huo huo Duma, kundi la watu wawili kutoka Nairobi, lilitoa kwa Nyege Nyege Tapes ya Kampala albamu ya mayowe na midundo ya kasi ya kutisha. Watu huuita muziki wa namna hii muziki wa chini kwa chini, kwa kuwa wapenzi wake hupashana habari zake wao kwa wao. Basi kijana wangu hakuwa mpotovu. Alikuwa na ndugu wengi, nami sikuwajua.

Sisemi kuwa kila kelele ni muziki. Kipaza sauti kinachomnyima mgonjwa usingizi ni udhia tu. Lakini mtu akichagua milio na kuipanga kwa nia, anastahili kusikilizwa kabla ya kuhukumiwa. Nawe, msomaji, ukikutana na kazi ya namna hiyo, isikilize tangu mwanzo hata mwisho. Jiulize sauti imetoka wapi, nini kinarudiwa, nini kinabadilika, na nini kinabaki moyoni inaponyamaza. Ukiisha kufanya hayo, una haki ya kuipenda au kuikataa.

Nilimwita yule kijana nikamwomba radhi, nikamsihi aifanye tena kazi yake. Mvua tuliipata siku ile ile. Cherehani ilikuwapo. Lakini kinu cha dizeli kilikuwa kimekwisha kuondolewa, na cha umeme kimewekwa mahali pake. Kijana hakunilaumu. Palipokuwa pa kinu aliacha kimya, kisha akanipa nisikilize, nami nikasikiliza mpaka mwisho.