Teki ya tatu

Kinasa sauti cha Zoom H4n kina tabia moja ambayo kila anayekishika huambiwa siku ya kwanza. Ukibonyeza kitufe chekundu mara moja, hakijaanza kunasa. Kinajiandaa tu. Taa yake inawaka na kuzima, inawaka na kuzima, na wewe uliyevaa hedifoni unasikia kila kitu vizuri kabisa: nzi, upepo, pumzi za watu. Ni mpaka ubonyeze mara ya pili ndipo taa inatulia, na taa ikitulia ndiyo kinanasa. Mimi niliambiwa hivyo Jumatatu. Jumatano nikasahau.

Agosti mwenye filamu alitutumia ujumbe sote tuliofanya naye kazi. Chuo kilimtaka aambatanishe ripoti, na ndani ya ripoti ziwepo kauli za waigizaji na wafanyakazi wake: ilikuwaje kufanya kazi chini ya mwongozaji huyu? Dereva wetu wa bodaboda, aliyecheza kama mtoto wa Bibi, alituma sauti ya WhatsApp ya dakika sita, nne kati ya hizo akilalamika kwamba ameonekana kisogo tu. Mpiga picha alituma aya moja iliyonyooka. Mimi nilituma sentensi moja: "Nimejifunza mengi, asante sana dada." Mimi ndiye mwalimu wa Kiswahili katika kundi lile, na mtoto akiniandikia hivyo kwenye insha namkata alama. Kwa hiyo haya ndiyo niliyotakiwa kuandika Agosti.

Alikuja Michenga mwanzoni mwa Juni, shule zikiwa zimefungwa, yeye na wenzake wanne kutoka chuo kimoja cha Dar es Salaam. Walikuwa na kamera ya kuazima, stendi mbili na skripti ya kurasa tisa. Mtu wao wa sauti aliugua njiani, akabaki Morogoro. Mimi nilikuwa nimewatafutia nyumba ya kulala na shamba la kupigia picha, basi wakaniuliza kama naweza kushika maiki. Nikasema naweza. Mwalimu hasemi "siwezi" mbele ya wanafunzi, hata kama si wanafunzi wake.

Jioni ya kwanza tulisoma skripti kwa sauti, tumekaa kwenye mkeka. Ukurasa wa pili ulikuwa na kivuko: mama mzee amekaa ukingoni mwa mto Kilombero anaangalia pantoni ikija bila mwanawe. Dereva wa bodaboda akacheka. "Dada, pantoni ipi hiyo?" Tangu Rais Magufuli azindue lile daraja la mita 384 mwaka 2018, watu wa Ulanga wanapita juu kwa juu. Yeye alikuwa anakumbuka pantoni ya utotoni, alipokuwa akipelekwa kwa bibi yake Mahenge. Nilidhani atajitetea. Alicheka na sisi, akaomba kalamu, akaukata ukurasa mzima, halafu akauliza: "Sasa siku hizi mtu anasubiriwa wapi?" Tukabishana mpaka saa nne usiku. Jibu lililoshinda ni shambani, juu ya dungu.

Kwa wasiolijua bonde letu: dungu ni kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya mpunga, anakaa humo anayeamia ndege. Mpunga ukianza kujaa maziwa, ndege wanajua kabla yako. Kuanzia alfajiri mpaka jua linazama lazima mtu awepo, na kombeo, na debe la kugonga, na koo. Wengine hutandaza kanda za zamani za kaseti kutoka mti hadi mti juu ya shamba. Upepo ukizipiga zinavuma, wuuu, na ndege wanasita. Shamba tulilopata lilikuwa limechelewa kupandwa kwa sababu ya maji, hivyo Juni ile bado lilikuwa na ndege, na lilikuwa na kanda.

Mwenye shamba ni Bibi. Sitataja jina lake. Alikuja asubuhi ya Jumatatu kutuangalia, akamkuta msichana wa chuo aliyeletwa kucheza bibi kizee, kapakwa unga kichwani, anahangaika kupanda ngazi ya dungu na kanga mbili. "Huyo ataanguka," Bibi akasema, "halafu mniletee kesi." Akapanda yeye kumwonyesha. Umri wake sijui, ila alipanda kama mtu anayeingia chumbani kwake. Dairekta (tulimwita hivyo kwa utani, baadaye utani ukaisha na jina likabaki) aliacha kuongea na mpiga picha. Akamsogelea akapiga goti kidogo. "Shikamoo tena, Bibi. Unaonaje ukicheza wewe?"

"Marahaba. Nitalipwa?"

"Utalipwa, Bibi."

"Na ndege?"

Hapo ndipo nilipoanza kumpenda kama kiongozi. Aliielewa haraka: Bibi akiigiza kuamia ndege, nani anaamia ndege kweli? Kuanzia siku ile kila asiye na kazi kwenye sini alipewa debe na upande wa shamba. Yeye mwenyewe wakati wa chakula alishika kombeo. Alikuwa mbovu ajabu. Jiwe moja lilitua karibu na kamera ya kuazima. Yule msichana wa unga alikabidhiwa ubao wa kupigia namba za teki, akanuna siku moja, akazoea.

Usiku tulikuwa tunaongea vitabu. Alisema alitaka kutengeneza filamu baada ya kuona *Vuta N'Kuvute*, ile Amil Shivji aliyoitoa kwenye riwaya ya Adam Shafi na ikaoneshwa Toronto mwaka 2021. Mimi kitabu nakijua, filamu sikuwa nimeiona. Yeye aliona filamu kwanza ndipo akatafuta kitabu. Tulichekana.

Sasa Jumatano. Sini yenyewe kwenye skripti ni mistari mitatu: jua linazama, mama anapiga kelele kufukuza ndege, polepole kelele inageuka kuwa jina la mwanawe. Kamera iliwekwa mbali, ng'ambo ya shamba, ili Bibi na dungu waonekane wadogo mbele ya milima ya Udzungwa. Mimi nilijificha chini ya dungu na kinasa sauti. Teki ya kwanza Bibi alimwangalia mpiga picha. Teki ya pili pawatila ilipita barabarani. Jua lilikuwa limebakiza kama dakika tano. Dairekta akapaza sauti kutoka kule: "Bibi, fanya unavyofanyaga tu!"

Nikabonyeza kitufe. Taa ikawa inawaka na kuzima.

Bibi alipiga kelele za ndege kidogo. Kisha akaanza kuita majina, na halikuwemo lile la kwenye skripti. Aliyaita kama unavyoita watu kuja kula, bila haraka, ukijua wako karibu. Baada ya majina alisema sentensi moja, kwa ndege. Akakaa. Nilisikia mbao za dungu zikilia juu ya kichwa changu, na kanda zikivuma. Machozi yalinitoka, sioni aibu kusema. Kule ng'ambo hawakusikia neno, waliona tu mikono na mwili, lakini waliona vya kutosha: dairekta alichelewa kusema "kata" mpaka jua likaisha kabisa.

Saa tatu usiku nilihamishia mafaili kwenye laptopu. Teki ya kwanza ipo. Teki ya pili, na pawatila yake, ipo. Nikatafuta ya tatu mara nne, kama mtu anayetafuta simu kwenye mfuko alioupekua tayari. Sauti ya kamera ilikuwepo, lakini kutoka umbali ule ilichonasa ni upepo na mpiga picha akikohoa.

Alhamisi asubuhi akaniuliza, "Mwalimu, ya Bibi iko poa?"

"Iko poa, dada."

Ijumaa akaniuliza tena, akiwa na furaha, anataka kuisikiliza. Nikasema betri. Nina miaka kumi na mmoja darasani, uongo wa aina hii nimesikia wa kila namna, na nilishangaa jinsi ulivyonitoka kwa wepesi.

Nilimwambia Jumamosi, wakati wenzake wanafunga vyombo. Nilimwambia vyote, pamoja na betri. Alikaa juu ya dumu la maji. Hakufoka. Alikwenda kunawa uso, akakaa huko muda mrefu, mpaka nikatamani angefoka. Aliporudi aliuliza kitu ambacho sikukitegemea: "Lakini wewe ulisikia?"

Nilisikia. Kile chombo kinakusikilizisha hata kama hakinasi. Katika watu wote waliokuwa shambani ni mimi peke yangu niliyemsikia Bibi neno kwa neno. Akanipa karatasi ya skripti, upande mweupe. "Andika. Yote. Usirembe."

Niliandika. Akaisoma, akaikunja, tukaenda wote kwa Bibi. Mpiga picha alishatoa ushauri wake: arudiwe, asimame popote aseme majina yale kwenye maiki, tutayapandikiza juu ya picha, kazi ya nusu saa. Dairekta alimweleza Bibi ukweli, kwamba sauti ilipotea, kwamba mwalimu aliyaandika maneno, na kama angeridhia kuyasema tena.

Bibi alinigeukia mimi. "Yale niliwaambia ndege. Wewe ulikuwa unasikiliza nini?"

"Ndiyo kazi niliyopewa, Bibi."

"Basi uliifanya nusu."

Hakukasirika, nadhani. Alikuwa anapepeta mchele, akaendelea kupepeta. Dairekta akauliza kama anaweza walau kuyaandika maneno chini ya picha. Bibi akasema hapana. Dairekta akasema sawa Bibi, akamlipa, akaongeza. Nje ya uzio akanirudishia karatasi. Sijui kwa nini mimi. Labda kwa sababu mwandiko ulikuwa wangu.

Hapa ndipo watu wa filamu ile tunapotofautiana, na bado tunatofautiana. Mpiga picha aliandika kwenye kauli yake kwamba ni mwongozaji msikivu, "wakati mwingine kupita kiasi". Ana hoja. Alimaanisha kwamba dairekta aliyekomaa asingeomba ruhusa ya maandishi, au angeiomba vizuri zaidi, siku nyingine, akiwa na kilo mbili za sukari. Msimamizi wake chuoni naye alimshauri aweke maneno. Bila maneno, alimwambia, mtazamaji hataelewa. Hakuweka. Teki ya tatu imo kwenye filamu nzima, dakika moja na nusu, na sauti yake ni kanda za kaseti tulizokwenda kuzinasa Jumamosi ileile, mimi nikibonyeza mara mbili na kumwonyesha taa iliyotulia kama mtoto anayeonyesha kucha zake kwa mwalimu wa zamu. Sehemu ya sauti alipata alama za chini kuliko zote. Aliniambia mwenyewe, tena anacheka, lakini nilihesabu: zile ni alama zangu.

Baadaye nilisoma kuhusu Abbas Kiarostami wa Iran na filamu yake *Close-Up* ya mwaka 1990, ambayo watu walicheza maisha yao wenyewe. Mwishoni, wanaume wawili wako juu ya pikipiki, na sauti ya maongezi yao inakatikakatika kwa sababu maiki ni mbovu. Maiki haikuwa mbovu. Kiarostami aliikata kwa makusudi mezani. Nilimtumia dairekta habari hiyo usiku wa manane nikidhani nitamfariji. Akajibu: "Yeye alikuwa nayo, Mwalimu. Ndiyo maana aliweza kuikata."

Desemba alirudi Michenga kutuonyesha. Shuka jeupe, projekta ya kuazima, jenereta nyuma ya darasa la tano. Watoto walijaa mbele. Dereva wa bodaboda alishangiliwa kisogo chake. Ilipofika teki ya tatu uwanja ulinyamaza, halafu minong'ono ikaanza, kila mtu akimwambia jirani yake Bibi anasema nini. Mama mmoja nyuma yangu alisema anamwita mumewe. Mwingine akasema hapana, anaomba mvua ikome. Mtoto mmoja akamgeukia Bibi mwenyewe, aliyekaa kwenye kiti cha mbele, na kumuuliza kwa sauti ya watu wote.

"Nilikuwa natukana ndege," Bibi akasema.

Uwanja ukaangua kicheko. Dairekta alicheka pia, kisha akanitafuta kwa macho gizani, na mimi nikainama kama nafunga kamba ya kiatu.

Karatasi ninayo. Niliiweka ndani ya daftari la mahudhurio, na Januari tulipopewa madaftari mapya niliihamisha.