Moto wa Vyungu, Kahe

Washkaji wa kijiweni kwetu Moshi mjini wanajua naandika riwaya. "Vipi mwandishi, inatoka lini?" Sura ya nne ina mama mfinyanzi, na mimi mfinyanzi wa kubuni tu simwamini. Ndiyo maana Novemba nikateremka Kahe kwa Bibi, mama yake mama.

Msomaji wa mjini huenda hujui: vyungu vingi vilivyotumika Uchagani havikufinyangwa Uchagani. Wanawake wa Kahe na wa milima ya Upare walivipandisha masokoni, wakarudi na ndizi. Mbege ya kihambani ikachemshwa ndani ya kazi ya mikono yao. Siku hizi ni pipa na sufuria, na wateja wengi wa Bibi wanataka chungu cha kupandia maua. Hilo linamuudhi kuliko anavyosema.

Mfinyanzi hulia gaeni, wanasema. Kwa Bibi hakibaki kigae cha kulia. Vyote vinatwangwa na kuchanganywa na udongo mpya, kwa sababu udongo laini mtupu hupasuka ukipatwa na joto la ghafla. Chenga za kigae huuachia nafasi ya kutanuka na kusinyaa. Bila hizo chungu hakikai juu ya mafiga.

Kwa kawaida hachomi wakati wa vuli. Safari hii alikuwa na vyungu 14, bei 7,000 kila kimoja, na mdogo wangu wa kike alidaiwa ada ya 95,000 kwenye chuo cha ushonaji. Piga hesabu mwenyewe. Kibo ilikuwa imezibwa na mawingu tangu asubuhi.

Kwanza vilipashwa kando ya makaa, maana unyevu uliobaki ndani ukigeuka mvuke ghafla, chungu kinalipuka paa! Kisha vikapangwa juu ya kuni, vikafunikwa samadi kavu na nyasi. Hakuna tanuri wala kipimajoto. Moto wa wazi namna hii hufika nyuzi 600 hadi 800 hivi, na udongo ukishapita 500 na ushei haurudi tena kuwa tope, hata uuloweke mwaka mzima. Bibi anapima kwa rangi.

Mimi nilikaa mbali chini ya mwembe na daftari langu. Kwa desturi aliyorithi, mwanaume hakaribii moto wa vyungu. Maswali niliyapiga kwa sauti, alijibu aliyoyataka.

Nimesoma habari za raku ya Wajapani, iliyoanzia Kyoto karne ya 16 kwa mfinyanzi Chojiro. Bakuli la chai linatolewa tanurini kwa koleo, bado jekundu. Miaka ya 1960 Wamarekani wakaongeza la kwao: kulitumbukiza kwenye maranda ya mbao, moshi ulitie weusi. Basi Bibi naye alianza kuvichomoa vyake vya moto kwa mti mrefu mbichi, akavinyunyizia maji ya magome yaliyochemshwa. Chwaaa! Maji hayo huziba vitundu, chungu kisivuje.

Nikampigia kelele kwamba Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, naye hutumia moshi kupata weusi, na vyungu vyake vimewekwa makumbusho makubwa Ulaya na Marekani.

"Anapikia nini?" akauliza.

Vilikuwa vimetoka sita tu matone yalipoanza. Bibi na mdogo wangu wakakimbilia mabati, wakaezeka juu ya moto huku moshi ukiwatoa machozi. Mimi pale pale chini ya mwembe, daftari mkononi, desturi ni desturi. Nikasikia ta! Halafu ta! tena. Vinne.

Kumi vikauzwa, 70,000. Iliyopungua akaitoa mjomba, pamoja na hotuba.

Jioni ile, kabla hatujajua habari za mjomba, mdogo wangu alimwambia Bibi wazi kwamba akimaliza chuo atashona, udongo basi. Bibi hakumjibu. Alivuta kinu, akavipanga vile vinne pembeni, akamnyooshea mchi.

"Leo bado hujamaliza," alisema.

Akatwanga.