Uzoefu hauko ofisini pekee

Wasee, tuongee ukweli. Ukisema unatafuta uzoefu wa afya ya umma ndio uombe nafasi ya uzamili, kila mtu anakutuma kwa shirika kubwa Nairobi. Nafasi zenyewe ni chache, nyingi hazilipi, na nauli ni yako. Mtoto wa mama mboga ataitoa wapi?

Mimi niliomba ruhusa kwa zahanati ya mtaani kwetu. Kila Jumamosi nilifuatana na mhamasishaji wa afya ya jamii, mmoja wa wale 100,000 waliozinduliwa Septemba 2023. Kila mmoja ana kama nyumba 100. Tulipima presha, tukauliza chanjo za watoto, yeye akajaza majibu kwa simu. Mama mmoja alituambia kliniki anaijua vizuri, lakini akienda, kibanda kinafungwa na watoto wanalala njaa. Hapo nikapata swali langu: mbona huduma ya bure bado ina bei?

Hilo ndilo niliandika kwa barua ya maombi. Majibu bado nangoja. Lakini vyuo vikitaka tu majina ya mashirika makubwa, vitakuwa vinachagua wenye nauli. Ama nyinyi mnaonaje?