Maji Yasiyoondoka: Daftari la Cheptais na Pwani

Maji ya Cheptais yana haraka. Yanatoka kwenye chemchemi za Mlima Elgon, yanateremka mabondeni kuelekea upande wa Lwakhakha na mpaka wa Uganda, na hata yakikingwa kwa bomba yanapita mara moja tu, kisha yanakwenda zake. Bomba la GI, yaani chuma kilichopakwa zinki, linaweza kuhudumia boma miaka mingi. Zinki kidogo inayoachwa majini haipati nafasi ya kurundikana.

Mwenyeji wangu ni mwalimu wa sayansi. Wanafunzi wake wengi hawajawahi kuiona bahari, naye anataka kuwaletea kipande chake darasani: tangi la kioo lenye samaki wawili watatu wa miambani, kamba na matumbawe laini. Chini yake, ndani ya kabati, litakaa tangi la pili. Maji yatashukia humo, yachujwe, yapashwe moto kwa hita kwa sababu usiku wa mlimani una baridi, kisha pampu iyarudishe juu. "Wewe ni mtu wa pwani, ndugu yangu," akaniambia. "Hilo la chini nilitengeneze kwa kitu gani?"

Swali lake nalipenda, kwa kuwa wengi hulihangaikia tangi la juu linaloonekana na wageni, la chini wakaliokoteza kwa chochote kilichopo. Ilhali maji ni yale yale. Yanazunguka mchana na usiku, miezi mingi, na kila kinachoyeyuka chini kinafika juu.

Kwetu Mombasa na Lamu vyombo vinaishi na metali bila shida. Meli ya chuma hufungiwa vipande vya zinki kwenye mwili wake ili maji ya chumvi yale zinki kwanza na kuuacha mwili salama. Mashua nyingi hupakwa chini rangi yenye shaba, kusudi chaza na mwani wasiote. Shaba hiyo ni sumu, ndiyo kazi yake, lakini inaingia katika bahari pana yenye mikondo. Ukiweka koki moja ya brasi, ambayo ni shaba na zinki, kwenye tangi la lita 200, hakuna mkondo wa kuichukua. Samaki huweza kuvumilia shaba kidogo, na wafugaji huitumia kama dawa ya vimelea vyao. Kamba, konokono na matumbawe hufa kwa kiasi kidogo zaidi ya hicho. Mlimani maji yanapita, pwani bahari ni kubwa. Tangi halina hata moja kati ya hayo mawili, na hapo ndipo ushauri wa fundi wa mabomba na wa fundi wa mashua unapokwama.

Siku ya soko tulikwenda kutazama mapipa. Pipa la bluu la plastiki linavutia: jepesi, bei nafuu, halishiki kutu. Plastiki yenyewe, polithini nzito yenye alama ya 2 ndani ya pembetatu chini ya kitako, ni salama kabisa kwa maji ya bahari. Nikafungua kifuniko cha moja. Kwenye mikunjo ya parafujo ya mdomo kulikuwa na mstari mwembamba, kijani kilichochanganyika na bluu, mkavu kama chaki. Miteremko hii ni ya kahawa, na wakulima wa kahawa hupambana na chulebuni na kutu ya majani kwa dawa zenye shaba. Shambani dawa hiyo ina heshima yake. Pipa lililowahi kuibeba, mimi nisingeliosha wala kulijaribu, ningeliacha. Polithini hunywa mafuta na viuatilifu, na sabuni haivitoi vyote. Ukitaka pipa, nunua jipya, au lililobeba chakula na unayemjua aliyelitumia.

Mwanafunzi mmoja akauliza kama chumvi ya mapangoni isingefaa kutengenezea maji ya bahari. Upande wa Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon, tembo huingia katika pango la Kitum usiku na kuchimba chumvi kwa pembe zao. Swali zuri, ila haifai: hiyo kwa sehemu kubwa ni salfeti ya sodiamu. Maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi kwa lita, na nyingi yake ni kloridi. Kloridi ndiyo inayotoboa ngozi nyembamba inayolinda chuma kisichoshika kutu.

Kwa hiyo kule Kitale, muuzaji alipotuonyesha kwa sumaku kwamba vibano vyake "si chuma cha kawaida", nilimwomba Mwalimu aviache. Sumaku haisemi lolote kuhusu kloridi. Tulichukua mabomba ya PVC ya maji ya kunywa, si ya maji taka, na koki za PVC. Kioo kitakatwa kwa kipimo cha kabati. Silikoni tulichagua ile yenye harufu ya siki, isiyowekwa dawa ya kuua ukungu. Maandishi ya "kwa bafu" ni onyo tosha. Inashika kioo barabara, polithini haiishiki. Saruji tuliiweka kando upesi: ikiwa mpya hutoa chokaa na kupandisha pH ya maji.

Jambo la mwisho ni ukubwa. Umeme ukikatika pampu inasimama, na maji ya juu yanateremka mpaka yafike ukingo wa mdomo wake. Nafasi ya kuyapokea iachwe tupu katika tangi la chini tangu mwanzo. Mwalimu atalijaza tangi maji ya chumvi bila kiumbe chochote, aliache lizunguke wiki kadhaa, akague kila kiungo kwa kurunzi, apime shaba, kisha ayamwage maji yote. Samaki wataagizwa baada ya hapo.