Laxton: mfumo mkongwe ambao bado unafanya kazi

Sisi waandika programu tuna ugonjwa mmoja: tukikuta mfumo wa zamani, mikono inawasha tuufute tuanze upya. Leo nawapeleka Laxton, kijiji kidogo cha Nottinghamshire, Uingereza, ambako hawajafuta.

Laxton ina mashamba matatu makubwa yasiyo na ua: West Field, Mill Field na South Field. Kila moja limegawanywa vipande, na mkulima mmoja ana vipande huku na kule. Shamba hupandwa ngano mwaka wa kwanza, zao jingine wa pili, na wa tatu hupumzishwa. Karibu Uingereza nzima ilishaacha mpangilio huu, kila mtu akazungushia lake ua.

Ramani ya Mark Pierce ya 1635 inaonyesha vipande vya wakati huo. Lakini ramani haitunzi kijiji. Kila mwaka, karibu na mwisho wa Novemba, wakulima walioapishwa hukagua shamba la ngano na kupigilia vigingi vya mipaka. Aliyelima kupita mpaka hutozwa faini kwenye mahakama ya kijiji. Huo ndio urithi ninaouheshimu: unaofanyiwa majaribio kila mwaka, na watumiaji wenyewe.

Sasa sikiliza. Mwaka 1952 serikali ya Uingereza iliinunua ardhi ya Laxton ili mpangilio huo usipotee. Mwaka 1954, hapa Kenya, serikali ya kikoloni ilileta Mpango wa Swynnerton, uliotaka vipande vilivyotawanyika viunganishwe viwe shamba moja. Kwao ilikuwa urithi, kwetu ilikuwa kasoro!

Nyanya yangu wa Murang'a hukumbuka nduma za wazazi wake zikiwa bondeni kando ya mto, na mahindi juu mlimani. Ni kweli, kutembea kote huko kulikula muda, na shamba moja ni rahisi kusimamia. Lakini mvua ikizidi bondeni, mlimani kumesalia kitu. Sisi tunaoweka nakala za data kwenye seva mbili tofauti tunaijua hesabu hiyo vizuri.

Mwaka 2020 ardhi ya Laxton iliuzwa tena, kwa Thoresby, na wakulima bado wanakagua. Kwa hiyo kabla hujafuta mfumo wa mtu, muulize kwanza: huu ulikuwa unakukinga na nini?